Picha ya Mtu ni Mtu

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa katika ukumbi wa parokia siku ya kufunga kozi ya upigaji picha ya vijana, mbele ya wanafunzi na wajumbe wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyachapa kwa kuwa vikundi kadhaa viliyaomba. Maswali ya kujadili yako mwishoni.)

Walio nyuma wasogee mbele, viti vipo. Tena hapa mbele karibu na dirisha ndipo penye mwanga, na leo habari yetu ni mwanga.

Mmeziona picha zilizobandikwa ukutani. Zimepigwa na wanafunzi kumi na wanne kwa muda wa wiki sita, kwa kamera mbili kuukuu na simu zao wenyewe. Na waliokaa mbele ya kamera ni nyinyi: akina mama wafinyanzi, wazee wa nyuki, vijana wa bodaboda. Mwanafunzi alipokosea, alikosea kwa uso wa mmoja wenu. Kwa hiyo ni haki yenu kujua vijana hawa walikuwa wakitafuta nini walipowaambia, "Nyanya, geuka kidogo. Hapana, rudi. Inua kidevu. Haya, tuhamie mlangoni." Tulimsikia mama mmoja akinong'ona, ati hawa watoto hawana kazi ya kufanya. (Kicheko.) Kazi walikuwa nayo, mama. Hebu tuwaeleze.

KILICHOTUFANYA TUANZE

Kwanza tuungame jambo. Miaka mingi iliyopita, wakati wa kamera za filamu, ofisi yetu ilikuwa ikiomba msaada wa tanki la maji. Wafadhili wakataka picha. Tukaenda kwa mama mmoja mjane, saa saba mchana, jua kali. Alipotuona na kamera alikimbia ndani. Akanawa uso, akavaa gauni lake la kwenda kanisani, akafunga kitambaa kipya, akawaita watoto wakavaa viatu. Akatoka akasimama wima mbele ya mlango wake.

Na sisi tukamwambia nini? Tukamwambia, "Mama, rudia zile nguo ulizokuwa nazo. Watoto wavue viatu. Na tafadhali usicheke." Alitutazama. Hakubishana nasi, kwa sababu maji alikuwa anayahitaji. Akarudi ndani akabadilisha. Tukampiga akiwa ameketi chini, mtungi mtupu pembeni. Picha ikaenda, pesa zikaja, tanki lipo mpaka leo na watu wanateka maji.

Baadaye sana mama yule akafariki. Mwanawe akaja ofisini kuuliza kama tuna picha yoyote ya mama, ya kuweka kwenye programu ya mazishi. Nyumbani walikuwa na ile ya kitambulisho tu, nayo ilikuwa imefifia. Tukafungua faili. Ilikuwemo hiyo moja. Na hata hiyo, uso haukuonekana vizuri: jua la saa saba lilikuwa limeyageuza macho yake mashimo mawili meusi. Kijana aliishika kwa muda mrefu. Akasema, "Mama hakuwa hivi." Akairudisha mezani, akatushukuru kwa adabu, akaenda zake. Programu ilichapwa na picha ya kitambulisho.

Filamu ile ilikuwa na nafasi thelathini na sita. Tungeweza kumpiga kwanza na gauni lake la kanisa, kivulini, tukampelekea nakala. Haingetugharimu kitu. Hatukufikiria tu.

Tulikosa mara mbili siku ile. Tulikosa kwa mwanga na tulikosa kwa mkao. Kozi hii imetokana na makosa hayo mawili.

MWANGA: MAJARIBIO YA KITI NA DIRISHA

Sisi tunaishi karibu na ikweta. Saa sita mchana jua liko juu ya utosi, au karibu na utosi, mwaka mzima. Mwanga ukitoka juu namna hiyo, paji la uso linakuwa kama paa lenye upenu mrefu. Macho yanabaki chini ya upenu, gizani. Pua nayo inaangusha kivuli juu ya mdomo. Ndiyo maana picha za harusi za saa saba huwafanya bibi na bwana harusi waonekane kama wamegombana.

Basi somo la kwanza lilikuwa la saa. Toka nje saa moja mpaka saa tatu asubuhi, au saa kumi na nusu jioni mpaka jua likaribie kuzama. Wakati huo mwanga unakuja kutoka upande na unaingia machoni. Kama huna budi kupiga mchana, ingia kivulini: chini ya upenu, kwenye mlango, upande wa nyumba usiopigwa na jua. Epuka tu kivuli cha mti chenye madoa ya jua, maana mtu atatoka kama chui.

Somo la pili lilifanyika humu ukumbini. Tulifunga madirisha yote, tukaacha moja. Tukaweka kiti hatua moja kutoka dirishani. Mama mmoja wa ufinyanzi akakubali kukaa. Kila mwanafunzi akapiga picha nne, bila kubadilisha kitu kingine chochote ila upande anaotazama mama.

Picha ya kwanza, mama ametazama dirisha moja kwa moja. Uso wote una mwanga sawasawa. Ni nzuri kwa kitambulisho, lakini uso umekuwa bapa kama sahani.

Picha ya pili, mama amegeuka hata dirisha likawa ubavuni. Nusu ya uso inang'aa, nusu imezama gizani. Kwa uso wa mzee uliojaa mikunjo ya miaka, picha hii ina nguvu. Kwa bibi harusi, hapana.

Picha ya tatu, mama amekaa mshazari, katikati ya hizo mbili. Upande mmoja una mwanga, na upande wa pili, juu ya shavu, kuna kipande kidogo cha mwanga chenye umbo la pembetatu. Wachoraji wa Ulaya waliujua mwanga huu zamani, na wapiga picha mpaka leo wanauita kwa jina la Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi aliyeishi katika karne ya 17. Mama mwenyewe hakumjua Rembrandt. Alitazama picha nne akaweka kidole juu ya hiyo. "Hii ndiyo mimi."

Picha ya nne, mama ameupa mgongo dirisha. Kamera imeona mwanga mwingi nyuma yake, ikampiga giza totoro. Kosa hili wengi wetu tunalifanya kwenye mikutano: mwenyekiti anasimama mbele ya dirisha, halafu tunalalamika kwamba simu ni mbovu. Simu si mbovu. Mzungushe mwenyekiti.

Halafu tukajaribu umbali. Tulichukua balbu moja usiku. Ukimweka mtu hatua moja kutoka kwenye balbu, kisha hatua mbili, utadhani mwanga umepungua nusu. Sivyo. Umebaki robo. Kwa dirisha kubwa hesabu haiwi kali hivyo, lakini mwanga nao hupungua upesi. Kwa hiyo kabla ya kununua taa, jaribu kwanza kusogeza kiti.

Na ukubwa wa mwanga ni jambo la kujua. Taa ndogo, au jua lisilo na mawingu, hukata vivuli vyenye ncha kama kisu. Mwanga mpana, kama mbingu yenye mawingu au dirisha lililotundikwa shuka jepesi jeupe, huvilainisha vivuli. Siku ya mawingu msiahirishe kupiga picha. Wingu ni shuka ambalo hamkulinunua.

Mwisho tukajaribu kurudisha mwanga. Mwanafunzi mmoja alishika shuka jeupe upande wa giza, na mara macho ya mzee yakafunguka. Mwingine alileta bati jipya, mwanga ukarudi mkali mno, mzee akafumba macho. Mwingine akaleta ile karatasi inayong'aa ya ndani ya pakiti, akaibandika kwenye kadibodi, ikafaa. Na binti mmoja akatumia leso nyekundu ya mama yake, uso ukatoka kama umepakwa rangi. Tulicheka, lakini tulijifunza: kila kitu kilicho karibu na mtu humpa rangi yake. Ukuta wa kijani utamfanya mgonjwa. Ardhi nyekundu ya jioni humpa joto.

NGOZI YETU NA MASHINE YAO

Kuna jambo ambalo wanafunzi waliuliza, nasi tunapenda kulijibu mbele ya wote. Kwa nini picha zetu za zamani za rangi zilikuwa zinatutoa weusi kupita tulivyo, meno na macho tu?

Sehemu ya jibu ni mwanga mbaya. Lakini sehemu nyingine ni mashine zenyewe. Kuanzia miaka ya 1950 maabara za picha za rangi zilikuwa zinapima rangi kwa kadi zilizotoka Kodak, zenye picha ya mwanamke mweupe. Kadi hizo zilijulikana kwa jina la Shirley. Rangi ikikaa sawa kwa Shirley, mashine imekaa sawa. Mtu mweusi hakuwamo kwenye kipimo. Mtafiti mmoja wa Kanada, Lorna Roth, aliwahoji watu waliokuwa wakifanya kazi Kodak, wakamweleza kwamba waliolalamika hata filamu ikaboreshwa upande wa rangi za hudhurungi walikuwa makampuni ya chokoleti na ya fanicha za mbao. Chokoleti ilisikilizwa. Baadaye kadi zikaja kuwa na watu wa rangi mbalimbali.

Hatusemi haya ili mwende nyumbani na kinyongo. Tunayasema kwa sababu kamera bado ina mazoea yake, na mpiga picha lazima ayajue. Kamera inapopima yenyewe, hudhani kila kitu kilicho mbele yake ni cha rangi ya wastani, kijivu hivi. Ukimsimamisha mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe, kamera inaona mweupe mwingi, inapunguza mwanga, na uso unazama. Kwa hiyo msitafute ukuta mweupe. Tafuteni ukuta wa udongo, mlango wa mbao, blanketi la rangi nzito. Kwa simu nyingi unaweza kugusa uso kwenye kioo ili ipime pale usoni, kisha ukaongeza mwanga kidogo.

Na msiogope ngozi inapong'aa. Mng'ao ndio unaochora shavu, paji na mfupa wa kidevu. Mwanga wa ubavuni unaipenda ngozi yetu. Taa ya fleshi inayopiga kutoka mbele huufuta mchoro huo wote.

MZEE KEÏTA WA BAMAKO

Sasa tuje kwenye mkao, au pozi kama vijana wanavyosema. Hapa tulikwenda kujifunza Mali, bila nauli.

Katika mji wa Bamako kulikuwa na mpiga picha aitwaye Seydou Keïta. Hakusomea chuoni. Alianza akiwa fundi seremala kijana, kwa kamera ndogo aliyoletewa na mjomba wake. Mwaka 1948 akafungua studio nyumbani kwao. Kazi yake kubwa aliifanya uani, kwa mwanga wa mchana. Pazia lake la nyuma la kwanza lilikuwa shuka la kitandani mwake, na kila baada ya miaka michache alilibadilisha. Baadaye aliweza kujua picha ilipigwa lini kwa kutazama tu pazia.

Alikuwa na vitu vya kuazimisha wateja: suti, saa, kalamu, redio, hata pikipiki aina ya Vespa. Mteja alichagua mwenyewe aonekane vipi. Na kwa kuwa filamu ilikuwa ghali, kwa kawaida alipiga mara moja tu. Hebu fikirini: mara moja! Vijana wetu wanapiga mara mia kwa simu na bado wanakosa. Keïta alimaliza kazi yote kabla ya kufyatua. Alimkalisha mtu, akamgeuza bega, akamwelekeza kichwa, akaweka mkono mahali pake, akatazama nguo na pazia. Alifariki mwaka 2001, na picha zake sasa zinaonyeshwa katika majumba makubwa ya sanaa duniani. Watu waliomo si machifu wala mawaziri. Ni makarani, mafundi, akina mama na watoto wao, wamevaa vizuri, wanakutazama machoni.

Somo tulilochukua kwake ni hili: tazama kwanza, fyatua baadaye. Kila mwanafunzi alipewa ruhusa ya kupiga picha tatu tu kwa mtu mmoja, na daftari la kuandika alichobadilisha. Sheria ni kubadilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukigeuza kiti, usigeuze na bega. Vinginevyo hutajua kilichosaidia ni kipi.

TULICHOGUNDUA KUHUSU MIKAO

Mikono kwanza. Mtu asiyezoea kamera hajui mikono yake aipeleke wapi, ikaning'inia kama ndizi. Mpe kazi mkono: ashike jembe, chungu, kitabu, mtoto. Au aiweke juu ya magoti.

Bega. Mtu akisimama akikukabili sawasawa anaonekana mpana na mkaidi. Akigeuza bega kidogo, kisha akarudisha uso kwako, mwili unapata uhai. Uzito auweke kwenye mguu mmoja.

Kimo cha kamera. Ukimpiga mtu mzima kutoka juu unamfanya mtoto. Wageni wengi wametupiga hivyo, wamesimama sisi tumekaa. Piga magoti, kamera iwe sawa na macho yake. Kwa mtoto, shuka zaidi.

Kikundi. Msipange watu kama matofali, warefu wote mbele! Wengine wakae, wengine wasimame, vichwa vipishane. Na mweka hazina asifichwe nyuma, maana tunataka kumjua. (Kicheko.)

Lakini jambo kubwa tulifundishwa na mzee mmoja wa kikundi cha nyuki. Wanafunzi walimwambia, "Mzee, legea kidogo, tabasamu." Yeye akasimama wima vilevile, mikono ubavuni, uso mzito. Wakamwomba tena. Mmoja akacheka pembeni. Mzee akasema, "Mjukuu wangu, mimi nasimama hivi kwa sababu picha hii itabaki mimi nikiwa nimekwenda. Nisimameje mbele ya watu ambao hawajazaliwa?" Darasa likanyamaza.

Kumbe ule wima wa wazee wetu, ambao vijana wanauita ushamba, una maana yake. Ni heshima. Ni mtu kujiweka tayari. Na yule mama mjane aliyesimama wima mlangoni kwake saa saba mchana alikuwa anatuambia maneno yaleyale, nasi tukamwambia akae chini.

Tangu siku hiyo tukabadilisha zoezi. Zile picha tatu zikawa hivi. Ya kwanza ni ya mwenyewe: avae atakavyo, asimame atakavyo, wewe mtafutie mwanga tu. Ya pili ni ya mwanafunzi: jaribu bega, jaribu dirisha, jaribu kivuli, lakini kwa kumwomba. Ya tatu ni ya kazini: mfuate kwenye mizinga, kwenye gurudumu, kwenye gereji. Halafu mwenye uso anachagua ya kubandikwa. Vijana walidhani watu watachagua ya pili. Wazee karibu wote walichagua ya kwanza. Akina mama wafinyanzi walichagua ya tatu, mikono ina udongo mpaka kwenye viwiko. Mzee wa nyuki alichagua ya kwanza, lakini akaomba nakala ya ile ya mizingani, ambayo anacheka bila kujua.

MAMA WA KALIFORNIA

Tuwape mfano mmoja wa mbali, kwa sababu unatugusa. Mwezi wa Machi 1936, wakati wa dhiki kuu Marekani, mpiga picha Dorothea Lange aliyekuwa akifanya kazi ya serikali aliingia katika kambi ya wachuma njegere huko Nipomo, Kalifornia. Baridi ilikuwa imeharibu mazao, watu hawakuwa na kazi wala chakula. Akamkuta mama amekaa hemani na watoto wake. Alipiga picha chache, kila mara akisogea karibu zaidi, akijaribu huku na huku. Ya mwisho mama ameshika shavu, anatazama mbali. Watoto wawili wamegeuza nyuso, wameegemea mabega yake. Kwa mwanga na mkao, ni moja ya picha kubwa za karne ile.

Magazeti yalipochapa habari, serikali ilipeleka chakula katika kambi, zaidi ya tani tisa. Lakini mama mwenyewe alikuwa ameshaondoka na watoto wake kutafuta kibarua kwingine. Mpiga picha hakumwuliza jina. Jina lake, Florence Owens Thompson, lilijulikana mwaka 1978, baada ya miaka zaidi ya arobaini. Alisema anatamani asingepigwa picha ile, na kwamba hakupata hata senti moja.

Tusimhukumu Lange; picha yake iliwaletea chakula watu wenye njaa. Nasi picha yetu ilileta tanki. Ndiyo maana jambo hili ni gumu. Picha inaweza kuwasaidia wengi na bado ikamwacha aliyemo mikono mitupu. Mwaka 1989 mashirika ya misaada ya Ulaya yalikubaliana mwongozo wa namna ya kuonyesha picha za nchi zetu, kwa kuona kwamba huruma isiyo na heshima inaharibu. Sisi tusingoje mwongozo kutoka Ulaya. Kuuliza jina na kurudisha nakala hakuhitaji mfadhili.

HESHIMA NA SHERIA

Vijana, sikilizeni hapa vizuri. Mtu akikubali kukaa mbele ya kamera yako amekukabidhi kitu. Usimguse kidevu wala bega bila kumwomba. Onyesha kwa mwili wako mwenyewe, naye ataiga. Kijana asimpange mama wa umri wa mkwewe kama anapanga viti. Binti asipigwe picha peke yake katika chumba kilichofungwa. Awepo mtu wa tatu. Na mtu yeyote akikuambia, "Vua kidogo, ndivyo picha za kisasa zilivyo," chukua mkoba wako uende nyumbani, kisha uje utuambie.

Sheria nayo ipo. Katiba yetu ya mwaka 2010 inalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu picha inayomtambulisha mtu kuwa habari yake binafsi. Kwa mtoto, lazima mzazi au mlezi akubali. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi. Hiyo ni shule. Na kikundi chetu chenye akaunti ya shilingi elfu kumi kitafanyaje?

Kwa hiyo kabla ya kupiga, mweleze mtu picha ni ya nini, itaonekana wapi, na nani ataiona. Mwambie anaweza kukataa, na akikataa huduma yake haitapungua. Andika jina lake kama analitamka yeye. Awekwe sahihi au dole gumba. Na apate nakala. Sisi wa ofisini tumeanza: kila picha ya ripoti inafuatana na nakala moja ya karatasi kwa mwenyewe.

TUNACHOWAOMBA

Tunaviomba vikundi mambo mawili. La kwanza, kila kikundi kiweke albamu, na kila mwanachama awe na picha yake moja nzuri humo, jinsi anavyotaka mwenyewe kuonekana. Gharama ya kuchapa si kubwa mkichanga. Muanze na wazee.

La pili, wapeni vijana hawa kazi. Wanajua sasa kupiga chungu, asali na vikapu kwa mwanga wa dirisha lilelile, na mnunuzi wa mbali hununua kwa macho. Lakini muwalipe. Neno "asante mwanangu" halinunui betri.

Kwa wale ambao hawajapigwa, Jumamosi ijayo kuanzia saa mbili asubuhi dirisha hili litakuwa wazi, na kiti kitakuwa hapa. Njooni na nguo mtakazo. Asiyeweza kutembea tuambiwe, vijana watamfuata nyumbani mapema, kabla jua halijapanda.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Je, katika kikundi chenu kuna mwanachama ambaye hana picha yake hata moja nzuri? Mtafanya nini, na lini?

2. Mmewahi kupigwa picha mkajisikia vibaya? Nani aliamua mkae vipi?

3. Mfadhili akitaka picha ya huzuni na mwanachama hataki, kikundi kitajibu nini? Je, kama msaada utakosekana?

4. Jaribuni: mkalisheni mmoja wenu karibu na dirisha, mpigeni picha nne kwa simu, akigeuka kila mara. Ipi anaipenda mwenyewe, na kwa nini?